Kazi Nilizozitaka Kabla ya Uuguzi

Niliingia chuo cha uuguzi nikiwa na umri wa miaka 27, mtu mzima miongoni mwa vijana waliotoka shuleni moja kwa moja, na kufikia siku hiyo nilikuwa nimekwisha kutaka kuwa daktari, mwalimu wa hisabati, mwanasheria kwa muda wa wiki tatu hivi, na hatimaye mhasibu, kazi ambayo niliisomea na kuifanya kwa miaka minne. Naandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi, mwenye fomu mkononi na ushauri wa ukoo mzima masikioni, kwa kuwa makosa niliyoyafanya katika kuchagua yalinigharimu fedha, muda, na kwa kipindi kirefu maelewano na baba yangu. Mengi kati ya hayo yangeepukika kama ningeuliza maswali machache mapema.

Udaktari sikuuchagua, nilipewa. Mtoto akionekana kufaulu sayansi, watu wazima humpachika jina la kazi kabla hajajua kazi hiyo inafanywaje, na shangazi yangu alianza kuniita dokta nikiwa na miaka tisa. Nilikua nikiitikia jina hilo. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza daktari hufanya nini hasa saa nne asubuhi ya Jumanne ya kawaida. Nilichokuwa nikikiona akilini ni koti jeupe na watu wanaosimama anapoingia. Alama zangu za kemia zilipotoka chini ya kiwango kilichotakiwa, nililia siku mbili, na leo naona wazi kwamba nilichokuwa nikikililia ni lile jina la shangazi.

Ualimu niliufikiria kwa sababu nilikuwa nikiwafundisha watoto wa jirani masomo ya ziada na walikuwa wakifaulu. Nilijitolea muhula mmoja katika darasa la wanafunzi wengi, nikagundua kwamba raha yangu ilikuwa kumweleza mtu mmoja jambo moja mpaka uso wake ukunjuke, na kwamba mbele ya kundi nilikuwa nikichoka na kukasirika upesi. Nililihesabu jambo hilo kuwa udhaifu na kulisahau. Sheria sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba mjomba wangu alikuwa na suti nzuri.

Uhasibu ulikuwa uamuzi wa busara, na sipendi watu wanaobadilisha kazi kisha wakaitukana ile ya zamani. Nilikuwa naiweza. Nilipata ajira katika ofisi ya fedha ya hospitali moja, kwanza dirishani nikipokea malipo, kisha katika kitengo cha vifaa, ambako kila baada ya miezi mitatu tulizunguka wodini kuhesabu kilichobaki na kukilinganisha na kadi za stoo: mabomba ya sindano, glavu, chupa za maji ya dripu, pamba. Kazi hiyo ilifanywa usiku ili tusiwasumbue wahudumu, na ndiyo iliyonipeleka nilipo, ingawa si kwa namna ambayo ningeitabiri.

Usiku mmoja, kama saa saba hivi, nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kabati la vifaa katika wodi ya wagonjwa wa ndani nikihesabu kanula, vile vijiri vya plastiki vinavyoingizwa mshipani, nikamwona sista wa zamu amesimama kando ya kitanda cha mzee mmoja, ameinua saa yake karibu kabisa na kile kichupa kidogo cha dripu ambamo matone huangukia, na midomo yake inacheza bila sauti. Nilijua anafanya nini, kwa kuwa nilikuwa nafanya jambo lile lile. Alikuwa akihesabu. Alipomaliza nilimuuliza, naye akanieleza bila kuniona mjinga: lita moja iingie kwa saa nane, mpira ule hutoa matone 20 kwa kila mililita, kwa hiyo ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani kama 42 kwa dakika. Nilipiga hesabu kichwani nikakuta yuko sawa, nikamwambia hivyo kwa furaha ya mtu aliyekutana na mwenzake safarini.

Yeye hakuwa amemaliza. Alifunua shuka, akaugusa mkono wa mzee kwa kiganja, juu kidogo ya pale kanula ilipoingia, kisha akaugusa mkono wa pili ili alinganishe. Ule wa kwanza ulikuwa umevimba na ngozi yake imekuwa baridi. Maji yalikuwa yametoka nje ya mshipa na yanajaa chini ya ngozi. Akaifunga dripu papo hapo. Matone yalikuwa 42 kamili, na bado mambo yalikuwa yameharibika. Alipoona nimeduwaa, alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu hapo: "Mhasibu, kwenu namba zikikubaliana mnafunga daftari. Kwetu zikikubaliana ndiyo kwanza unaangalia mkono."

Sikuamua chochote usiku ule. Nilirudi kwenye kanula zangu nikakuta nimesahau nilifika ngapi.

Nilichofanya baadaye ni jambo pekee katika habari hii ambalo ningelirudia bila kubadilisha kitu. Niliomba ruhusa kwa muuguzi mkuu nifuate zamu tatu kama mtazamaji, ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, bila kugusa mgonjwa na kwa ahadi ya maandishi ya kutunza siri za wagonjwa. Mtu yeyote anayefikiria kazi hii, awe anatoka shule au anatoka kazi nyingine, aombe nafasi ya namna hiyo kabla ya kulipa senti, na asikubali kupewa zamu ya asubuhi peke yake, kwa maana asubuhi wodi ina watu wengi na kazi hupendeza. Usiku nilimwona muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwafikia kwa wakati. Niliona wagonjwa wasioweza kujigeuza wakigeuzwa kila baada ya saa mbili ili wasipate vidonda vya kulalia, shuka zikibadilishwa mara tatu kwenye kitanda kile kile, na maandishi mengi kuliko nilivyodhani. Kulikuwa na harufu ambayo ilinitoa nje mara moja, nikasimama kwenye korido nikijifanya nasoma ubao wa matangazo. Sista yule hakunicheka, alinisubiri nirudi. Nilirudi, na hilo lilinipa habari zaidi kuliko kipimo chochote cha vipaji nilichowahi kujaza.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa namna nilivyomwambia baba. Nilimweleza moyo wangu, na baba alikuwa akingoja mpango wangu. Nilizungumza juu ya wito, juu ya mzee yule na mkono wake, na yeye akanitazama kisha akauliza kama nimesoma uhasibu ili niende nikaoshe watu. Ndani ya swali hilo kulikuwa na mawili: kwamba nashuka cheo, na kwamba kazi ile ni ya wanawake. La pili lina chimbuko, kwa kuwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi takribani milioni 28 duniani na kuonyesha kwamba kati ya kila kumi, tisa ni wanawake. Nilimjibu kwa kiburi. Tukakaa miezi tisa tukisalimiana tu.

Nilijifariji wakati huo kwa kusoma habari za Florence Nightingale, Mwingereza aliyeweka misingi ya uuguzi wa kisasa, ambaye familia yake, tena yenye mali, ilipinga vikali asiwe muuguzi, na ambaye kabla ya yote alikuwa mtu wa hesabu: aliporudi kutoka vita vya Crimea alichora takwimu kuonyesha kwamba askari wengi waliuawa na maradhi kuliko majeraha, na akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Habari hiyo ilinisaidia mimi, baba haikumsaidia lolote. Kilichomsaidia ni karatasi. Niliandika miaka ya masomo, ada ya kila muhula, akiba niliyonayo, pengo lililopo na namna ya kuliziba, kazi zinazopatikana baada ya leseni na ngazi za kupanda, nikampelekea kama ambavyo ningepeleka bajeti kwa mkuu wangu wa kazi. Alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akafika mwisho, kisha akauliza, "Na viatu? Mtu anayesimama usiku kucha havai viatu hivi vyako." Viatu havikuwemo. Hakunibariki siku ile, lakini niliongeza mstari wa viatu, na tangu jioni ile tukaanza tena kuzungumza.

Viatu havikuwa peke yake nilichosahau. Kwa kuwa nilijiona mtu wa fedha, nilidhani nimekamilisha orodha ya gharama, na nikaumbuka. Ada ya chuo ni sehemu inayoonekana. Zisizoonekana ni sare mbili au tatu, saa yenye mshale wa sekunde, nauli ya zamu zinazoanza au kuisha saa ambazo usafiri ni wa shida, ada za mitihani ya leseni na za usajili baada ya kufaulu, na miezi ya kungoja majibu ambayo mtu hana mshahara wala ruzuku. Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B ilinikwamisha kabisa. Kwa kawaida hutolewa mara tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu kwenye mwezi wa sita, na chuo changu hakikumruhusu mwanafunzi kuingia mafunzo kwa vitendo bila kuikamilisha. Mimi nilianza nilipoambiwa, wakati ningeweza kuanza siku nilipojaza fomu, nikabaki nyuma ya wenzangu muda wote huo. Tena niliacha kazi miezi mitatu kabla ya masomo kuanza, ati nijiandae kiakili. Nilichojiandaa nacho ni kula akiba.

Lakini hasara iliyoniuma zaidi ni ya chuo cha kwanza. Ndiyo, kulikuwa na chuo cha kwanza, na huwa sipendi kukitaja. Kilikuwa karibu, ada yake ilikuwa nafuu, na ofisini kulikuwa na cheti cha usajili ndani ya fremu ya kioo. Mimi niliyekuwa nikikagua risiti za watu kwa miaka minne sikuikagua ile karatasi. Usajili wake ulikuwa wa biashara, si wa kufundisha uuguzi. Baraza linalosimamia wauguzi halikuwa likikitambua, na mhitimu wake asingeruhusiwa hata kukaa kwenye mtihani wa leseni. Niliyajua haya katikati ya muhula wa kwanza, kutoka kwa mwanafunzi aliyetutangulia aliyekuwa akizunguka akitafuta chuo cha kumpokea upya. Ada haikurudi. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: usiulize chuo kama kimesajiliwa, liulize baraza lenyewe, kwa maandishi, na liulize kuhusu kozi hiyo hiyo unayoitaka, cheti, stashahada au shahada, kwa kuwa chuo kinaweza kuruhusiwa ngazi moja na kutangaza tatu. Kisha uliza wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali ipi, na wangapi kati ya waliomaliza mwaka uliopita walipata leseni. Chuo kinachosita kujibu hilo la mwisho kimekwisha kujibu.

Chuo cha pili kilikuwa halali, na huko ndiko nilikotambua kwamba karibu kila mmoja wetu alikuja akiwa na kazi nyingine iliyomponyoka. Sehemu kubwa walikuwa wanafunzi waliotaka udaktari wakakosa alama, na wengi wao waliuchukulia uuguzi kuwa ngazi ya kupitia. Sitawalaumu, kwa maana mwaka wa kwanza hata mimi, kama ningeitwa kwenye udaktari, ningeondoka na begi bila kuaga. Wapo waliopita njia hiyo na dunia ikafaidika: Cicely Saunders wa Uingereza aliacha masomo ya siasa, falsafa na uchumi pale Oxford ili asomee uuguzi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mgongo ukamzuia, akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima, na mwaka 1967 akafungua hospitali ya St Christopher's mjini London, ambayo kutoka kwake huduma ya kuwatunza wagonjwa wasio na tumaini la kupona ilienea duniani. Ila yeye hakuzipita kazi zake za mwanzo kama mtu apitaye stendi. Kila moja ilimwonyesha mateso ya mgonjwa kwa upande wake. Wale wenzangu waliokuja kupita tu waliteseka sana, kwa sababu kila kazi ya mikono waliiona kama adhabu ya kufeli kemia. Mmoja aliacha mwaka wa pili, na nadhani aliamua vyema.

Walionishangaza ni wale waliotoka kwenye kazi kamili. Alikuwapo fundi cherehani ambaye mkono wake kwenye sindano ulikuwa mwepesi tangu siku ya kwanza, na aliyekuwa askari aliyeweza kulala dakika ishirini popote akaamka timamu, kipaji ambacho hakuna mtaala unaokifundisha. Dada mmoja aliyeacha sheria aliandika kumbukumbu za wagonjwa kwa usahihi kiasi kwamba mkufunzi alitusomea kama mfano, kwani alikuja tayari akijua kwamba jambo lisiloandikwa huhesabiwa kuwa halikufanyika. Mary Eliza Mahoney, aliyehitimu mwaka 1879 na kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata mafunzo kamili ya uuguzi, alikuwa amefanya kazi miaka kama 15 katika hospitali ile ile aliyokuja kusomea, akipika, akifua na kusafisha. Nikisoma habari zake huwa nafikiri juu ya mambo aliyoyaona kuhusu wagonjwa akiwa na ndoo mkononi, kabla mtu yeyote hajamwita mwanafunzi.

Hata hivyo kazi ya zamani huja na madhara yake, na yangu yalinifika mwaka wa pili. Nilikuwa nagawa dawa chini ya uangalizi, katika chumba kilichokuwa na wazee wawili wenye jina moja la ukoo. Nilifanya kama nilivyozoea: nikalinganisha kadi na trei, jina likakubaliana, dawa ikakubaliana, kipimo kikakubaliana, nikaenda kitandani na kumpa mzee kikombe chenye kidonge. Sikusoma utepe wa jina mkononi mwake. Aliangalia ndani ya kikombe akasema kwa upole, "Kijana wangu, changu ni cheupe. Hiki cha njano ni cha yule pale." Tulifundishwa mambo matano ya kuhakikisha, mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, na la kwanza katika orodha ndilo nililoliruka, kwa kuwa miaka minne ya uhasibu ilikuwa imenizoesha kuamini kwamba karatasi mbili zikisema neno moja, basi ni kweli. Niliripoti mwenyewe. Mikono ilinitetemeka hadi mwisho wa zamu, na nilipofika nyumbani nilikaa kwenye ngazi bila kuingia ndani. Usiku huo nilikumbuka maneno ya sista juu ya daftari na mkono. Nilikuwa nimeyasimulia kwa watu mara nyingi, hata kwenye usaili wa kuingia chuo, bila kuyatenda.

Baada ya hapo sikutamani tena kuitwa kwenye udaktari. Sababu ni kwamba nilianza kuona ni sehemu ipi ya kazi iliyokuwa yangu. Mgonjwa wa kisukari anayefundishwa kujidunga insulini, akae na muuguzi mmoja, aulize swali lile lile mara nne, mpaka uso ukunjuke: huo ndio ualimu nilioutaka, nami niliukataa kwa kudhani kwamba mwalimu ni lazima awe na darasa. Hesabu za matone na vipimo zipo kila siku. Hata sheria ya wiki tatu imepata pa kukaa, kwenye fomu za ridhaa.

Mshahara wangu wa kwanza kama muuguzi ulikuwa mdogo kuliko wa mwisho kama mhasibu, na ilichukua miaka kadhaa kuufikia. Mgongo wangu unanidai. Sherehe nyingi za ukoo nimezisikia kwa simu. Mtu asiyeweza kuishi na hayo ayajue leo, asingoje zamu yake ya kwanza ya sikukuu.

Sasa wanafunzi wapya wanapoletwa wodini kwetu, huwauliza kila mmoja alitaka kuwa nani kabla ya kuja, na nawakataza kuona haya. Mwaka jana binti mmoja alijibu kwa sauti ndogo kwamba alitaka kuwa rubani, wenzake wakacheka. Nikamwambia kwamba orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, yenye mambo 19 ambayo timu huyathibitisha kwa sauti kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, kabla ya kumpasua na kabla hajatolewa chumbani, ilichukua mfano kutoka kwa marubani, ambao husomeana orodha kabla ya kuruka hata kama wameruka mara elfu. Hakusema kitu. Mwezi uliofuata, zamu yake ya mafunzo ilipofika katika chumba cha upasuaji, msimamizi wa huko alinipigia simu kuniuliza nimemwambia nini mtoto huyu, maana amefika saa nzima kabla ya wengine na anaomba orodha aisome yeye.